Neno Lililowakimbiza Punda

Kakuma,
Jumapili alasiri.

Kwa ndugu yangu mpendwa Etabo,

Ejok, hujambo, mwana wa mama? Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na mkeo na watoto, na kwamba vumbi la Lodwar limekiachia kifua chako. Mimi sijambo. Magoti hunigomea asubuhi, lakini yakishapata jua hukumbuka kazi yake. Mvua bado. Mto Tarach ni mchanga mtupu na maji tunayafuata mbali, kwa hiyo usishangae ukiona barua nzima ni ya punda.

Najua ungependa nikupigie simu. Lakini shukrani ya simu hukatwa na mtandao katikati, na swali uliloniuliza juzi linataka kukaa chini. Jeanine wa kwaya alipokutumia picha ya ubao wetu wa matangazo, ulicheka mpaka ukapaliwa, ukauliza ni nani aliyeandika maneno yale. Nikasema nitakujibu kwa maandishi. Nitakujibu, ila kwa utaratibu.

Kwanza ni asante. Ulipopata habari kwamba punda wa Lokichoggio wanakohoa na kutoa makamasi, hukungoja ugonjwa ubishe hodi kwetu. Uliwasumbua wakubwa wa lile duka lenu la dawa za mifugo mpaka chanjo ikaagizwa, ukamwomba daktari wa mifugo aje nayo, ukaipanga ndani ya kasha la barafu kama anayelaza mtoto mchanga. Daktari mwenyewe alinisimulia. Alisema ulilifuata gari hadi barabarani ukimsihi asiliweke kasha juani.

Alipofika, wauza makaa wawili walikuwa tayari na punda wanaokohoa. Alituambia kwamba chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua, humkinga mzima. Wagonjwa wakapelekwa ng'ambo ya mto, wapumzike peke yao. Waliobaki walipaswa kuchanjwa siku ile ile, kwa sababu barafu isingevuka alasiri, na dawa ikishapata joto ni ya kumwaga.

Aliyenitia wasiwasi zaidi ni Adeng, yule mama wa Sudan Kusini anayeuza chai mbele ya kinu cha kusagia unga. Mgongo wake hauwezi tena kubeba maji. Ana punda mmoja tu, naye alikuwa na mimba. Punda huyo akianguka, hakuna maji. Pasipo maji hakuna chai, na pasipo chai sijui Adeng na wanawe wangekula nini.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha wenye punda, basi tangazo nililiandika mimi, alfajiri kabla daktari hajafika, kwa chaki, kwenye ubao wa kinuni: “Wenye punda wote wanaarifiwa kuwaleta punda wao wapate chanjo dhidi ya mafua na pepopunda.” Usiku wa kuamkia siku hiyo ulikuwa umeniambia kwa simu niandike kama watu wanavyosema, nami nikakujibu kwamba lugha si kanga ya kuazimana, nikakata. Nilirudi nyuma hatua chache kulitazama tangazo langu. Kila upatanisho wa kisarufi ulikuwa mahali pake.

Asubuhi hakuja punda hata mmoja. Yaani walikuja, lakini mtu mmoja akasoma ubao kwa sauti, wenzake wakatazamana, wakawageuza wanyama wao wakaondoka. Daktari akaketi na sindano zake akilitazama kasha. Ndipo Adeng akaja, bila punda, akasimama mbele yangu kwa adabu zote, akasema, “Mama mwalimu, mimi naheshimu wewe sana. Lakini pepo sisi nafukuza kanisani usiku na mchana, sasa wewe naleta na sindano? Na tumboni ya punda yangu iko mtoto!”

Nilimweleza kwamba pepopunda ni neno moja, si mawili. Ni ugonjwa unaoingilia kidondani, hata tundu la msumari kwenye kwato. Mnyama hukakamaa kama meza, taya likajifunga, akafa kwa mateso, na hamna shetani humo. Nilieleza vizuri sana, Etabo. Nilipomaliza, wanawake wengine watatu walikuwa wamekwenda zao. Muuza makaa mmoja akapaza sauti kuniuliza kama punda yangu mimi imeshachomwa hiyo pepo, na kama ni hivyo, mbona haijaanza kunena kwa lugha. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikuwa nikisikia barafu ikidondoka.

Aliyetuokoa ni Jeanine, yule mshonaji Mkongo anayeongoza kwaya. Alisoma ubao, akaziba mdomo, kisha akapanda juu ya benchi la Adeng. “Bamama,” akasema, “mwalimu anasema ya kitabu. Hii shindano ya daktari haiko ya kuleta pepo. Iko ya kufunga mulango. Magonjwa ikikuja, ikute mulango imefungwa!” Akamleta punda wake mwenyewe, akamshika masikio mpaka sindano ikaingia. Adeng akamtazama punda yule kwa muda mrefu, kisha akaenda kumchukua wake.

Hata hivyo waliokuwa wakitoka upande wa kambi ya wakimbizi waliendelea kurudi nyuma kila walipousoma ubao. Jeanine akasema neno lile lifutwe. Likafutwa, na mahali pake yakaandikwa yale uliyoyaona: “PUNDA YAKO ISIKOHOE. PUNDA YAKO ISIKAUKE. LETA LEO, BARAFU INAISHA.” Walikuja hata wasiojua kusoma, kwa kusomewa. Punda wa Adeng alipiga teke kiti cha daktari kikaruka, lakini alichanjwa. Chupa ya mwisho ilikwisha barafu ikiwa imekuwa maji.

Sasa punda wageni kutoka Lokichoggio hukaa kwanza ng'ambo ya mto, na hori lao ni lao peke yao. Akikohoa mmoja, Jeanine humpigia daktari siku hiyo hiyo. Sindano ya marudio imekwisha kutolewa, na safari hiyo walitufuata wenyewe. Kati ya wale wagonjwa wawili, mmoja alikufa na mwingine amepona. Kikohozi kilipita kwa wafugaji wa mbali ambao hawakuja, kikawatia hasara. Kwetu kilibisha, kikaenda zake.

Juma lililopita punda wa Adeng alizaa jike lenye miguu mirefu kuliko akili. Wamemwita Pepo. Kila jioni unamsikia Adeng, mwanamke wa maombi, akiita, “Pepo, njoo! Pepo, kuja kwa mama!” na hakuna anayekemea.

Sasa swali lako. Ulidhani ni Jeanine. Hapana, Jeanine alikuwa amemshika punda. Adeng hajui kuandika. Chaki ilikuwa mkononi mwangu. Jeanine alitamka, nami, Awoi, niliyefundisha ngeli za nomino mpaka nikastaafu, nikaandika “punda yako” kwa herufi kubwa, mara mbili, mbele ya watu. Mkono ulikataa kidogo kwenye lile la kwanza. Kwenye la pili haukukataa. Na ingawa kazi imekwisha, kila asubuhi napita na kitambaa changu cha kufutia, nausoma ubao, na kuuacha kama ulivyo.

Ulikuwa umeniambia, ndugu yangu, nami nikakukatia simu. Asante kwa barafu, na asante kwa lile neno ambalo sikulitaka.

Wasalimie wote wa nyumbani, kila mtu kwa jina lake. Mwambie mkeo kwamba mkeka wake nimeumaliza. Mungu awalinde mpaka tutakapoonana.

Nami ndimi dada yako,
Awoi

Nisalimie na punda yako, anayekuchotea maji. Nimeandika hivyo kwa makusudi, usinisahihishe.