Shikamoo Iliyokosa Jibu

Mpendwa Baba niliyekupata ukubwani,

Tumeshinda, na jirani wa ghorofa ya chini ameshalalamika kwa kelele zetu. Nimemwomba radhi kwa kuinama kama ulivyonifundisha, na bila shaka nimeinama vibaya, maana ulishasema nainama kama mtu anayetafuta kifungo cha shati chini ya kitanda. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kijapani changu nacho ulishakihukumu. Binamu yangu Rashidi atakusomea, na nimemwonya asiruke mahali ninapomsema yeye. Wataisoma na wengine pia, kwa kuwa hapa Dixon Road, Toronto, habari zako zimekuwa mali ya umma. Ruhusa sikukuomba. Mtoto haombi ruhusa ya kumsifu mzazi wake.

Kwa hao wengine inabidi nieleze tulivyokutana. Wewe vumilia.

Rashidi alikuwa amenitafutia kazi kwenye yadi ya kukata magari nje ya Nagoya, ambako magari makuukuu hupasuliwa na spea zake kupakiwa kontena kwenda kwetu. Nilifika na begi moja na adabu za Tanga. Nikakuona umesimama kando ya lundo la milango, mzee wa Kijapani uliyefunga vifungo vya shati hadi kwenye vifundo vya mikono, katikati ya joto la Agosti lililotutoa ulimi hata sisi watu wa pwani. Kila mtu alikupitia mbali. Mimi sikulelewa kumpita mtu mzima kama mti, basi nikakuendea nikasema kwa sauti ya kusikika, "Shikamoo, Baba."

Misumeno ikazimwa. Nani angeniambia kwamba kwa Kijapani neno "baba", ukilitamka nilivyolitamka, ni ajuza? Yadi nzima ilisikia mgeni mwenye kitambi akimwita bibi kizee mtu ambaye, kama nilivyokuja kujua, alikuwa ameishi karibu maisha yake yote ndani ya yakuza, yale makundi ya uhalifu ya kwenu yenye vyeo na viapo.

Rashidi alikuja mbio na spana mkononi. "Siyo hivyo, siyo hivyo. Kwetu hilo ni mzazi. Amekuita mzazi wake."

Ukasema maneno machache, na Rashidi akanitafsiria akiwa bado anahema: "Anasema mzazi wa namna hiyo alikuwa naye. Kiongozi wa kundi lao walimwita mzazi, na wao wakaitwa watoto wake. Huyo mzazi alimchukulia kidole. Anauliza, wewe mtoto utamchukulia nini?"

"Mwambie chai," nikasema. "Kama ipo."

Nadhani ulicheka. Kwa uso wako ule ilikuwa vigumu kujua.

Habari ya kidole niliipata kamili kesho yake. Ulinipokeza gurudumu, nikaikamata glavu yako, na kidole chako cha mwisho kikajikunja kuelekea nyuma na kubaki hivyo hivyo. Nilipiga yowe lililosikika hadi barabarani. Kumbe ulikuwa umekijaza matambara ndani ya glavu ili pengo lisionekane. Tangu siku hiyo kila uliponiona ulikikunja makusudi. Mtu aliyewahi kutisha mitaa mizima, burudani yake ya uzeeni ikawa kumtisha baba wa watoto watatu kwa kidole cha matambara.

Lakini salamu ndiyo iliyotufunga. Ulimwuliza Rashidi hiyo "shikamoo" hujibiwaje, akakuambia, "Marahaba." Ukataka maana. Akakueleza kwamba mdogo anatoa heshima, na mkubwa akisema marahaba amekubali kuipokea. Ukafikiri, ukatikisa kichwa.

"Basi sijibu," ulisema. "Haijawa yangu. Nikishakuwa mtu, nitaitikia."

Nikadhani ni maringo ya kizee. Kila asubuhi nikaendelea, "Shikamoo, Baba," nawe ukanijibu kwa kukohoa. Kikohozi kimoja, kikavu, cha mtu anayefunga mlango taratibu. Binti yangu Zuhura, anayekusikia kwenye simu siku hizi, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza kitupu, hukuita "babu wa kikohozi", na hilo analisema kwa Kiswahili safi.

Maana ya "kuwa mtu" niliielewa kidogo kidogo. Ulikuwa umelitoka kundi kwa miguu yako. Serikali ilitaka makundi yale yafe, ikayafungia milango, na ni haki yake. Ila mlango ukishafungwa haukuulizi kama unaingia au unatoka. Kufungua akaunti benki, kununua laini ya simu, kupanga chumba, kote unatakiwa utie saini kwamba wewe si yakuza na hukuwa yakuza kwa miaka mitano iliyopita. Ukisema ukweli, hupewi. Ukidanganya, umetenda kosa, na kosa linakurudisha ulikotoka. Mtu huambiwa aache, akiacha hana pa kulipwa mshahara, hana pa kulala, hana namba ya kupigiwa. Halafu watu wanashangaa kwa nini makundi hayaishi.

Rashidi, na hapa asiruke, alikushauri utie saini tu, nani atajua. Ulimjibu, "Nimedanganya kwa ajili ya wengine maisha yangu yote. Kwa ajili yangu sitaki kuanza." Ukaendelea kulala kwenye kile chumba nyuma ya yadi, kati ya injini na viti vya gari, kwa hisani ya tajiri wetu.

Kisha mimi nikahamia huku Toronto kumfuata mke wangu. Uliniaga kwa kikohozi.

Huku nafanya kazi kwenye ghala la mizigo, Rexdale, karibu na uwanja wa ndege. Siku za mwanzo mwenye nyumba aliniuliza nani huku anayeweza kunidhamini, nikatazama dari kama jina limeandikwa pale. Nilikukumbuka sana siku hiyo. Sijifananishi nawe, mimi sijawahi kumtisha hata paka, lakini kusimama mbele ya dirisha kama mtu asiye na jana, hilo nililionja.

Kila Ijumaa jioni, ambayo kwenu ni asubuhi ya Jumamosi, nilimpigia Rashidi, naye alikupelekea simu, na mimi na wewe tukarudia ibada yetu: shikamoo, kikohozi. Simu hizo nilizipigia kwa Bi Mwanaidi, mama wa Kimombasa anayeishi jengo letu, ambaye nyumba yake siku hiyo huwa kama mkahawa usio na bili. Ndipo ulipopata wafuasi.

"Kwani hao bado wako?" Bi Mwanaidi aliniuliza mara ya kwanza. "Mimi nilidhani ni watu wa filamu, wenye panga na michoro mgongoni."

Nikamweleza ulivyonieleza. Kwamba waliobaki wengi ni wazee, wanaumwa magoti, na vibao vya ofisi zao vimeshushwa. Ila biashara yenyewe haijazeeka, imehamia kwenye simu. Sasa kijana anaona tangazo la kazi rahisi, anatumwa kuchukua mzigo au kuingia nyumba ya watu, hamjui anayemtuma, na akikamatwa hana hata jina la kutaja. "Sisi angalau ulijua nani amekukata kidole," uliwahi kuniambia.

"Hiyo ni kama hapa tu," alisema Mzee Alois. Mzee Alois ni Mgoa wa Nairobi, karani wa benki mstaafu, anakaa Richmond Hill kwa binti yake na huletwa Dixon kila Ijumaa kwa ajili ya viazi karai. "Gari la binti yangu waliliondoa mlangoni, sisi tuko ndani tunakunywa chai. Vijana wawili. Nani aliwatuma, hakuna anayejua. Sasa wewe unataka mimi nimhurumie mwizi wa Japani?"

"Si mwizi tena, mzee."

"Mwizi ni mwizi tu, kijana yangu."

Nilifurahia kuitwa kijana, kwa hiyo sikubishana sana.

Halafu ukaja ule msimu wa baridi ulioniondolea usingizi. Rashidi alisimulia, nasi tukasikiliza sote. Mtoto mmoja mwenye viatu vyeupe alikuja yadini ametumwa na watu wa kundi lako la zamani. Alikuinamia vizuri kuliko mimi, akakukabidhi simu mpya ndani ya boksi. Laini tayari, jina la mtu mwingine, hakuna saini. Zawadi, alisema. Wazee wanakukumbuka. Nawe wakati huo ulikuwa umetoka kuumwa kifua, na ulikuwa umelala siku nzima nyuma ya yadi bila njia ya kumwita hata Rashidi.

Nilichoogopa kilikuwa kimoja tu, kwamba utarudi. Na kibaya zaidi, nilijua kwamba ukirudi sitakuwa na la kukulaumu.

Ulilishika boksi, ukalipima uzito mkononi, ukamrudishia. "Simu ya mtu mwingine," ulimwambia, "itanifanya niseme maneno ya mtu mwingine." Kisha, kwa mujibu wa Rashidi, ukamkunjia kidole cha matambara. Mtoto wa watu akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Bi Mwanaidi alipiga makofi. Mzee Alois alijiongezea viazi.

Miaka mitano ikatimia, tukadhani kazi imekwisha. Ukaenda benki, ukaeleza ukweli wote kwa mpangilio, wakakushukuru sana kwa kufika, wakakukatalia. Bila sababu. Ijumaa ile kwa Bi Mwanaidi kulikuwa kama matanga.

"Kusema kweli," alisema Mzee Alois, "ningekuwa mimi dirishani, nisingemfungulia."

"Basi mzee wangu," akasema Bi Mwanaidi, akisogeza sahani, "mahamri yangu leo utayatazama kwa macho."

"Nimesema ningekuwa. Sipo dirishani tena." Akaivuta sahani irudi. Baada ya muda akauliza, bila kumtazama mtu, "Ana mtu wa kumsindikiza? Mtu mmoja wa serikali, polisi hata. Peke yake wataona jina. Akiwa na mtu, watamwona mtu."

Nikampelekea Rashidi maneno hayo. Rashidi akayafikisha. Nawe, Baba, ambaye uliwakwepa polisi tangu ujana wako, ukaenda kituoni ukamtafuta yule mpelelezi mzee aliyekuwa akikukamata zamani, ukamwomba mwende benki pamoja. Natamani ningeuona uso wake.

Sasa Ijumaa iliyopita. Chai iko mezani, simu yangu inalia, namba ngeni ya Japani. Nikataka kuikata.

"Pokea," akasema Bi Mwanaidi.

"Namba nisiyoijua, dada, siku hizi ni matapeli."

"Pokea, pengine umerithi."

Nikapokea. Ikaja sauti yako, bila Rashidi, bila kelele za yadi.

"Mimi," ulisema. "Hii namba ni yangu. Jina langu. Jana benki, mchana. Simu, jioni."

Nilisimama, kwa nini sijui, nikaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Bi Mwanaidi alikuwa tayari analia kwa furaha na kumimina chai nje ya kikombe. Mzee Alois akainamia simu kama anazungumza na mteja wa mbali: "Mwambie asiiache akaunti tupu. Akaunti tupu inalala."

Nikakutafsiria. Nadhani nilikuambia usilale na tumbo tupu, kwa sababu ulijibu kwamba umeshakula.

Kila mtu alijua kilichobaki. Nikasema, na wengine wakasema pamoja nami, hata Zuhura aliyekuwa mlangoni na koti la baridi bado mwilini. Mzee Alois peke yake hakusema, kwa kuwa anakuzidi umri na haki yake anaijua.

"Shikamoo, Baba."

Tukasikia ukivuta pumzi. Tukasikia koo lako likijiandaa, lile koo tunalolifahamu, na Bi Mwanaidi akafumba macho.

"Marahaba," ulisema. Na kana kwamba uliogopa hatukusikia, ukarudia polepole, kila silabi na nafasi yake. "Ma-ra-ha-ba."

Vigelegele vya Bi Mwanaidi ndivyo anavyovilalamikia jirani wa chini. Mzee Alois alipangusa miwani ambayo haikuwa na uchafu, akasema, "Sasa huyo ni mteja."

Baba, makundi bado yapo. Leo hii kuna boksi jingine lenye simu mpya linapelekwa kwa mzee mwingine baridini, na kuna kijana hapa hapa Toronto anayesoma tangazo la kazi rahisi. Hayo nayajua, sijalewa chai. Lakini wana mtu mmoja pungufu, na mtu huyo yumo kwenye simu yangu kwa jina lake mwenyewe. Viza ya kuja huku hutapata, tusidanganyane, na mimi nauli ya kuja huko nitaipata nikishaacha kula. Haidhuru. Heshima niliyokutolea kila asubuhi kando ya lundo la milango ilikuwa imesimama nje muda wote huu, na wewe ukaifungulia.

Vaa nguo nzito, utunze hicho kifua. Kikohozi hatukihitaji tena.

Wako anayejivuna bila aibu,

Mwanao aliyekuita ajuza