Wimbo Mzito Kwenye Mizani ya Himo

Kibosho, Moshi

Kwa mdogo wangu Filomena,

Pokea salamu zangu kutoka huku mlimani. Natumaini barua hii itakukuta una afya, goti lako limepungua maumivu, na mvua za huko Mbinga hazijakata njia ya kwenda shambani. Sisi huku tu wazima. Wifi yako Apolonia alikohoa kwa wiki mbili kwa sababu ya ukungu, lakini amepona na sauti yake imerudi yote, nami nimekwisha kuisikia. Mwanao Skola hajambo. Anakula vizuri na anasali.

Nimeipata barua yako. Baada ya salamu uliandika mstari mmoja tu: "Kaka, mrudishe mtoto pamoja na fedha zangu." Sikulaumu. Uliuza nguruwe wawili ili Skola anunue kompyuta ya kutungia muziki, ukaniachia mimi fedha hizo na uamuzi, kwa kuwa mimi ni mjomba wake na nimefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi. Kisha nikakuandikia kwamba binti yako ni mvivu, anashinda na simu, na kwamba nashuku yupo mwanamume anayezungumza naye wakati wenzake wanafanya kazi. Ni mama gani angejibu tofauti?

Basi nakuarifu kwamba sikumrudisha, na fedha hizo sinazo tena. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Nianze na yale niliyoyaona, maana sikuyazua. Tulikuwa tunamenya kahawa. Wifi yako anazungusha mkono wa mashine, mimi namimina kahawa mbivu na maji. Skola, aliyepaswa kusafisha magamba, amesimama kando ameielekeza simu kwenye mashine, kimya, anatabasamu peke yake. Kesho yake nikamkuta kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa maji unaopita kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, ameinama, simu imekaribia kugusa maji. Nikamwuliza, "Unazungumza na nani?"

"Sizungumzi na mtu, mjomba. Ninakusanya."

"Unakusanya nini?"

"Sauti."

Filomena, nimesikia majibu mengi ya uongo darasani, na hilo lilifanana nayo yote. Ndipo nikaandika ile barua.

Barua yako ilipofika nilimsomea Skola jikoni, wifi yako akimenya ndizi za mtori. Mtoto hakulia. Aliniuliza tu, "Mjomba, umewahi kuusikia wimbo wangu hata mmoja?"

"Sijausikia, wala sina haja."

"Mae!" akasema Apolonia. "Mahakama gani hii, hakimu hataki kumsikia shahidi?"

Skola akanieleza jambo ambalo sikuwa nimempa nafasi ya kulieleza. Mjini Moshi yupo mama mmoja mwenye studio ndogo, anayetengeneza matangazo na muziki wa video za harusi. Ameahidi kumpa kazi, ila kila mtu pale anakuja na kompyuta yake. Nyimbo zake Skola amekuwa akiziunga kwenye kompyuta ya mama huyo, siku zile nilizodhani anakwenda kuzurura. Akasema, "Nipeleke madukani siku moja tu. Nikishindwa kukuonyesha kwamba najua ninachonunua, nitapanda basi la Songea mwenyewe, usinisindikize."

Nilikubali. Sitakuficha: nilikubali kwa sababu niliamini atashindwa.

Kabla ya kwenda nilimtahini. Nilimwuliza kompyuta mpakato ya muziki ina tofauti gani na ile ya karani wa parokia. Akatazama jiko la wifi yako akajibu, "Mjomba, kila chombo kwenye wimbo ni chungu kimoja. Ngoma ni chungu, besi ni chungu, sauti ya mwimbaji ni chungu, na vyote vinatakiwa kuchemka pamoja bila kimoja kusubiri. Diski ni ghala, ni mahali pa kuwekea tu. Kumbukumbu ni mafiga. Kichakataji ndicho mpishi."

"Na wauzaji wanasifu nini?"

"Ghala. Ghala kubwa ni rahisi, na linapendeza kulitaja. Ukiwa na mafiga mawili na mpishi mzee, ghala litakusaidia nini?"

Akaniambia kwamba kumbukumbu ya giga nane itambana, anahitaji kumi na sita. Akaniambia kwamba kibandiko kilicho kwenye kompyuta hutaja ukoo wa kichakataji lakini hakitaji kizazi, na mjukuu wa ukoo mdogo anaweza kumshinda babu wa ukoo mkubwa. Akaniambia pia kwamba kwa fedha tulizo nazo mpya tusiitafute, bali iliyotumika ofisini, nene, isiyo na urembo, kwa sababu hiyo hufunguka na kurekebishika. Majibu yalikuwa na mpangilio. Hata hivyo nilijiambia kwamba mtu anaweza kukariri.

Hapo nikamkumbuka baba. Unakumbuka alivyokwenda kuuza kahawa? Alibeba lile jiwe lake kwenye kitambaa, jiwe alilolijua uzito wake. Aliliweka kwenye mizani kwanza, karani akiguna. Kisha akapima magunia. Kisha akaliweka jiwe mara ya pili, maana alisema mizani inaweza kuwa kweli asubuhi na ikadanganya baada ya goti la karani kuingia chini yake. Watu walimcheka. Hakuna aliyemwibia kilo hata moja.

Nikamwambia Skola, "Wimbo wako ulio mzito kuliko zote ni upi?"

Akafikiri. "Upo mmoja una vyungu sitini. Kwenye kompyuta ya studio unapita kwa shida."

"Uweke kwenye flashi pamoja na programu yake. Hilo ndilo jiwe letu."

Alikimbia kutafuta flashi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniona kuwa ninafaa kwa kitu.

Duka la kwanza lilikuwa Moshi mjini, lina vioo na kiyoyozi. Kijana muuzaji alitutolea kompyuta nyembamba kama kitabu cha sala, inang'aa. "Mzee wangu, shikamoo. Hii ni tera moja! Mjukuu atahifadhi nyimbo mpaka azeeke."

"Marahaba. Ni mpwa wangu, si mjukuu. Na mafiga ni mangapi?"

Akamtazama Skola. Skola akamwambia, "Anauliza kumbukumbu, kaka." Zilikuwa giga nne. Hata hivyo tuliweka jiwe kwenye mizani. Wimbo ulianza, ukaenda hatua chache, ukakatika, ukatoa mlio kama mbuzi aliyekanyagwa, ukanyamaza. Kijana akasema, "Tatizo ni wimbo, mzee. Hauna viwango." Nikamjibu kwamba hata karani wa mizani alikuwa akisema tatizo ni jiwe. Hakunielewa, tukaondoka.

Tukaenda Himo, kwenye njia panda, mahali ambapo kila kitu kinauzwa na kila mtu ana haraka. Huko mimi hushika mfuko wangu wa koti hata ninapomsalimia padri. Skola alikuwa ameelekezwa kwa mfanyabiashara mmoja mnene, mcheshi, mwenye meza iliyojaa kompyuta zilizotumika. Alinikaribisha kwa kuniita mzee kwa lugha ya huku, "Karibu, meku! Kiti kile pale!" Ukarimu wa namna hiyo huniongezea mashaka.

Skola hakuzitazama zinazong'aa. Alichukua moja nyeusi, nzito, yenye mikwaruzo, ambayo kibandiko cha ofisi iliyokuwa nayo kilikuwa kimekwanguliwa kwa kisu. Akaigeuza, akapapasa mgongo kuona kama betri imevimba. Akaiwasha, akasoma kizazi cha kichakataji na kumbukumbu: giga kumi na sita. Akaweka sikio karibu na feni. "Nikirekodi mwimbaji sitaki feni iimbe naye," akasema. Nilisimama nyuma yake, nami nikaanza kusikia aibu, ingawa nilikuwa bado sijajua sababu.

"Wekeni wimbo," nikasema.

Mfanyabiashara akaunganisha kompyuta na spika yake kubwa iliyo nje ya duka. Filomena, sikiliza. Kwanza nilisikia maji. Nikayatambua: yalikuwa maji ya mfongo wetu, pale yanapoangukia jiwe la kufulia. Kisha ikaingia ngoma, kavu, ya haraka, nayo nikaitambua pia. Ilikuwa mashine yetu ya kumenya kahawa. Kila mzunguko wa mkono ni pigo moja, na buni zinazodondoka kwenye ndoo ndizo njuga. Juu yake akaweka besi nzito iliyotikisa bati la duka. Watu wakaanza kusogea. Mama mmoja mwenye beseni la parachichi kichwani akatikisa mabega.

Kisha ikatoka sauti ya mwanamume mzee, kali, katikati ya soko la Himo: "Punguza kasi! Unazivunja buni!"

Na sauti ya mwanamke ikamjibu kwa midundo: "Njoo uzungushe wewe, meku! Njoo uzungushe wewe!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mfanyabiashara akaniuliza, "Huyo mzee mkali ni nani?" Skola aliinamisha kichwa. Nikasema, "Simjui," na huo ndio uongo pekee niliousema siku hiyo.

Lakini sasa nilielewa. Simu kwenye mashine, simu kwenye maji, tabasamu la peke yake: yote yalikuwa pale mbele yangu, yamepangwa. Mtoto aliniambia kweli, kwamba anakusanya sauti, nami nikampelekea mama yake jina baya.

Wimbo ulipita mpaka mwisho bila kukwama. Tukapatana bei. Mfanyabiashara akaichukua kompyuta akasema, "Nakufungieni vizuri ndani, na chaji yake." Akaingia nyuma ya pazia. Alikaa muda kuliko kazi ya kufunga mfuko. Alipotoka nilikuwa nimeshika fedha mkononi. Nikasema, "Fungua. Tuweke jiwe mara ya pili."

"Meku, si umesikia sasa hivi?"

"Nilisikia kabla ya pazia. Sijasikia baada ya pazia."

Skola mwenyewe akaninong'oneza, "Mjomba, unatuaibisha." Mama wa parachichi ndiye aliyesema, "Muwekee mzee wimbo wake, nasi tucheze." Ikabidi awashe. Maji yakapita. Mashine ikaingia. Sauti yangu ilipofika ikasema, "Pu-pu-pu-punguza kasi," na wimbo wote ukaanza kujikokota kama gari bovu linalopanda Kibosho. Mtu akapiga kelele, "Mzee, umeiambia ipunguze kasi, imetii!"

Skola hakucheka. Alifungua ukurasa uleule aliousoma mwanzo, akamgeuzia mfanyabiashara. Giga nane. Nusu ya kumbukumbu ilikuwa imebaki nyuma ya pazia.

"Ah, fundi wangu amechanganya," akasema yule bwana, uso umemlegea. Nilimwambia amwite huyo fundi, hakuwapo. Tukasimama palepale, akairudisha mbele ya macho ya soko, Skola akaangalia bisibisi mpaka skrubu ya mwisho. Wimbo ukapigwa mara ya tatu, ukapita. Ndipo nikalipa. Sasa tunayo kompyuta, na Skola ameanza kazi kwa yule mama wa studio. Wimbo wake wa kwanza wa tangazo unauza magodoro. Sikuupenda, lakini nimeusikiliza wote.

Tuliporudi nilimweleza wifi yako. Alicheka sana mahali pa sauti yake, kisha akaacha kucheka. "Mashaka yako yamemwokoa kwa yule wa Himo," akasema. "Na yaliyomuumiza hapa nyumbani utayafanya nini?" Akatoka mpaka kwenye mpaka wa kihamba, akakata jani la isale, akaniwekea mkononi.

Nilishakueleza desturi hiyo ya watu wa huku: aliyekosa humpelekea aliyekosewa jani la isale, naye hapaswi kulikataa. Nimeishi hapa tangu ujana wangu, nimeyaona majani hayo yakipelekwa na wengi. Mimi sijawahi kulibeba. Daima niliona kwamba ni la wenyeji, na kwamba mwalimu akikosea husahihisha tu na kuendelea na somo.

Nilimkuta Skola barazani na kompyuta yake. Nikamnyooshea jani. Nikasema tu, "Nilimwandikia mama yako vibaya."

Akasimama, akalipokea kwa mikono miwili kama alivyolelewa. Akalitazama. Kisha akachukua simu, akaisogeza karibu.

"Litikise kidogo, mjomba."

Nikalitikisa.

"Tena. Taratibu. Punguza kasi."

Nilitii, Filomena, wala sikumsahihisha.

Nisalimie shemeji yangu, baba Skola, na umwambie kwamba Skola atampelekea ule wimbo wa mashine ya kahawa kwenye simu yake. Msalimie shangazi yetu anayelala chumba cha nyuma, umpigie wimbo huo kwa sauti ya juu kwa sababu ya masikio yake. Msalimie katekista, na yule jirani aliyekukopesha toroli la kuwapeleka nguruwe sokoni, mwambie hawakwenda bure. Lile jiwe la baba ambalo umelifanya kizuizi cha mlango, lioshe uliweke ndani.

Humu ndani ya bahasha nimetia jani la pili, maana nilikukosea na wewe: nilikupa mtoto mbaya ambaye hukumzaa. Likifika litakuwa limekauka. Lipokee hivyohivyo.

Na ukisikia kwenye wimbo mzee anafoka, usiulize ni nani.

Ni mimi, kaka yako,
Mwalimu Bonifasi