Uzi wa mama mkwe

Smaranda, uko? Leo nimeumbuka!!

Nilikuwa nasafisha kompyuta ya mama mkwe. Navuta feni, prosesa nayo ikang'oka kwenye ubao, imeganda chini ya feni kwa ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka, pini zote nje!

Nikashika bisibisi niibandue.

Mama mkwe akanidaka: "We Pavel, utaivunja! Weka chini!"

Akaipasha joto kwa mashine yake ya kukaushia nywele. Halafu akachukua uzi anaokatia mamaliga, ule ugali wao wa mahindi, akaupitisha polepole kati ya feni na prosesa, vilevile anavyokata ugali. UZI, Smaranda!

Ikaachia yenyewe. Hakuna hata pini iliyopinda.

Nikairudisha, kompyuta ikawaka. Na mimi fundi wa miaka kumi!

Mama mkwe wala hakucheka:

"Haya fundi, huu umechafuka, nikatie uzi mwingine. Mamaliga inapoa."