Mstari wa Tatu wa Ujumbe Wako

Bunia, Saio, tarehe 24 Novemba 2002

Mdogo wangu mpendwa Scholastique,

Pokea salamu za nyumba hii. Natumaini mguu wako umepunguza kuuma, na kwamba huko Mahagi watu wanapata kulala. Sisi tungali wazima. Mke wangu Bernadette anakusalimu. Ameanza tena kupika, ingawa anapika kidogo. Barua yako nililetewa na dereva Isidore, na hii pia nampa yeye, mkononi.

Unaandika kwamba hutakuja kumaliza matanga ya Elodie. Unasema ulimkataza binti yako kupanda lori la kuja Mahagi siku ile, naye akapanda, kwa hiyo amekufa kwa ukaidi, na wewe humlilii mkaidi. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi. Acha nikueleze mambo kwa utaratibu, nawe univumilie kama zamani.

Mjini kuna nyumba moja tu ya internet, ya kijana Emery, yenye sahani kubwa juu ya bati. Humo watu walikuwa wanawaandikia jamaa zao walio mbali na kujibiwa. Mwezi wa tisa, wakubwa wanaotawala mji walitoa amri: kila ujumbe, unaotoka na unaoingia, uchapwe kwanza kwenye karatasi, usomwe, ufutwe maneno yaliyokatazwa, ndipo upigwe muhuri. Yaliyokatazwa ni habari za askari, za makabila na za barabara. Kwa kazi hiyo waliwachukua walimu wazee watatu, wanaojua vizuri Kifaransa na Kiswahili.

Watu walivumilia wiki sita. Kisha, Alhamisi moja asubuhi, wanawake wa soko na wanafunzi wakaandamana hadi mbele ya ofisi ya wasomaji. Hawakubeba mabango. Kila mmoja alikuwa amejibandika kifuani ujumbe wake kwa pini. Walisema, kama mnataka kujua habari za nyumba zetu, tokeni basi mzisome zote. Mama Félicité, muuza samaki, alimsogelea askari akamwonyesha karatasi yake: “Soma, chef, usiogope! Bwana yangu iko Kampala, anauliza kama ningali nakoroma. Umujibu weye basi, njo kazi yako!” Watu walicheka. Askari naye alicheka, kisha akatazama chini.

Elodie alikuwa katikati yao. Kifuani alikuwa na ujumbe wako, ule uliomtuma mtu akuandikie kutoka Arua, ng'ambo ya mpaka. Mstari wa kwanza salamu, wa pili salamu, wa tatu umepakwa wino mweusi, wa nne baraka. Alipaza sauti kuelekea dirishani: “Mutuambie mama aliandika nini hapa! Ni mama yangu, haiko mama yenu!” Saa sita askari walipiga risasi hewani, watu wakatawanyika, na kesho yake nyumba ya Emery ikafungwa. Kwa hiyo hakuwa tena na njia ya kukuuliza wewe.

Alikuja kuniuliza mimi. Alikaa mezani mbele yangu, akaniwekea karatasi: “Mujomba, weye uko mule ndani. Ule mustari ulisema nini?”

Scholastique, mmoja wa walimu wale watatu ni mimi. Nilikuficha. Na kalamu iliyopita juu ya maneno yako ni yangu. Uliandika: “Elodie asipande lori la Jumanne, njia imekatwa.” Neno njia lilitosha. Nilifuta kwanza, jina lako nililiona baadaye. Bado ningeweza kumwambia mtoto kwa mdomo. Badala yake nilimweleza sheria. Nilimwambia kwamba msomaji ameapa kunyamaza, na kwamba mwalimu hamnong'onezei mtoto wa dada yake majibu ya mtihani. Nilieleza kwa muda mrefu. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja karatasi yake. Nilidhani atangoja.

Jumanne nilikuwa kazini. Alimuaga Bernadette, akamwambia: “Kama ni neno nzuri hawangelifuta. Mama iko mugonjwa, naenda kumuona.” Kilichofuata njiani unakijua.

Basi binti yako hakukukaidi. Alikuwa anakuja kukuuguza.

Mimi sijalia. Naamka, nanawa uso, nakunywa chai, naenda ofisini. Tangu nyumba ya Emery ifungwe hakuna cha kusoma, lakini tunakaa. Msamaha sikuombi. Naomba uje ummalizie mtoto matanga yake, na barua hii isomwe mbele ya ukoo, yote, nami nikiwa nimekaa hapo.

Wasalimie majirani na padri. Isidore anasema njia ni nzuri tangu Ijumaa, lakini baada ya saa nane kuna askari kwenye daraja. Panda lori lake tu, asubuhi, usipande lingine.

Kaka yako,
Anaclet