Nuru Kwenye Utando wa Ndama

Norwei, wiki ya Pentekoste, 1341

Dada yangu Ingunn,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila kikohozi tu. Nyinyi huko Iceland hamjambo? Kondoo walivuka baridi salama? Na Padri Illugi anayekusomea haya, magoti yake yanaendeleaje?

Abate, mkuu wa monasteri yetu, amenipa kazi: shairi juu ya nuru ya Mungu, lighaniwe hapa monasterini sikukuu ya mishumaa, Februari 1343. Ile nuru ya mwanzo wa dunia, imwangazayo kila mtu ajaye ulimwenguni. Nimeanza kama watungaji wote: Neno liliingia kwa Mariamu kama jua lipitavyo kwenye kioo, kioo kisivunjike. Niambie unaonaje. Wewe ndiye uliyenifundisha kutunga, tukikamua kondoo.

Mdogo wako,
Kolbein

Iceland, Agosti 1341

Mdogo wangu Kolbein,

Tu wazima, sijui wewe na hicho kikohozi. Magoti ya Padri ni yale yale, na anasema usiyataje tena.

Kioo sijapata kukiona. Padri anasema ni kama barafu isiyoyeyuka. Sasa kwa nini uende mbali hivyo? Dirisha letu lina utando aliozaliwa nao ndama, umewambwa kwenye fremu kama ulivyouacha. Mwanga unaingia kutwa, na utando hautoboki. Tena ni utando wa uzazi. Mwanamke yeyote atakuelewa upesi.

Halafu nikuulize. Umesema nuru humwangaza kila mtu ajaye ulimwenguni. Binti yangu alikuja. Alivuta pumzi kidogo tu. Maji yote yalikuwa yameganda, mkunga akakimbilia theluji ya kumbatizia, akarudi nayo mkononi, mtoto keshakwenda. Amelala nje ya ukuta wa makaburi ya kanisa, kwa kuwa hana ubatizo, wala hana jina. Nuru ilimpata au ilimpita? Nauliza tu, sigombani. Padri amekunja uso, lakini nimemwambia aandike nilivyosema.

Dada yako,
Ingunn

Norwei, Mei 1342

Dada yangu mpendwa,

Natumai u mzima. Kikohozi kimeniacha, swali lako limegoma. Nimelala nalo na kuamka nalo. Kioo nimekitupa, nimeweka utando wako:

Jua lapenya utando, pasipo kutobolewa,
Nuru humwona mtoto, angali hajazaliwa.

Abate alisoma akaniita. “Kwa hiyo nuru humfikia mtoto kabla ya maji ya ubatizo?” Nikamwambia sijui, shairi ndilo lililonifikisha hapo. Akasema, “Basi lirudishe kwenye kioo, au lisighaniwe.” Bado sijamjibu.

Padri Illugi, nakuomba umsomee ubeti huo polepole.

Mdogo wako,
Kolbein

Norwei, Mei 1343

Dada,

Hujambo? Meli ilirudi bila neno lako. Nimekukosea? Mimi nilikataa kuurudisha ubeti kwenye kioo. Shairi halikughaniwa, na sasa nasugua masufuria jikoni, afya yangu njema kabisa. Hilo lisikusumbue. Nataka tu kujua kama nimekutonesha kidonda.

Mdogo wako,
Kolbein

Iceland, Agosti 1343

Mdogo wangu Kolbein,

Sijambo, na hukunikosea. Pole kwa masufuria, ingawa hukuwahi kusugua hata moja hapa nyumbani.

Padri alinisomea ubeti wako, kisha akaikunja barua na kusema hawezi kuniandikia jibu. Meli ikaondoka hivyo hivyo. Nilimkasirikia sana, nusura niache kwenda kanisani.

Ikafika sikukuu ya mishumaa. Tulikuwa tunazunguka kanisa kama kila mwaka. Padri alipofika langoni hakugeuka, akatoka nje ya ukuta. Jirani akanong'ona, “Mzee kapotea njia leo?” Tukamfuata kwenye theluji mpaka kwa binti yangu. Akasimama pale na mshumaa wake, akausema ubeti wako wote kwa kichwa, kisha akarudi kusoma misa.

Leo kabla ya kuandika nimemuuliza kama abate wako yuko sahihi. Akasema, “Sijui, Ingunn. Nimetafuta vitabuni majira yote ya baridi, sijui.” Kisha akaniuliza mtoto ningemwita nani.

Hakuna aliyewahi kuniuliza, Kolbein. Nimelia mbele yake, naye amenisubiri na kalamu mkononi. Nimemwomba barua hii aitie sahihi kama nitakavyomtajia.

Dada yako,
Mama Ragna