Kwangu Kweusi, Kwenu Kweupe

"Mtu anayetaka kuonekana huonekana. Kamera ni kisingizio."

Hayo ni maneno yako, Kaka Fideli. Uliyasema mbele ya Mjomba na ukoo mzima, nami nikiwa nayasikia yote kwenye kompyuta. Nayakataa, lakini kwanza shikamoo. Goti la Mama linaendeleaje? Baridi ya mwezi wa sita imeshashuka hadi Mlali bondeni, au bado iko huko juu kwetu tu? Mimi ni mzima. Wazee ninaowahudumia huku ughaibuni, hapa Turku, nao ni wazima. Kuna bibi mmoja huniita kwa jina la dada yake, nami huitika.

Sasa sikiliza. Ulipoitisha kikao cha kwanza cha shamba la Mama, nilijua kwamba Mjomba hagawi ardhi kwa sauti. Anataka uso. Kwetu shamba hufuata tumbo la mama, na binti wa tumbo hilo ni mimi peke yangu. Nisipoonekana, jina litakaloandikwa ni la Tumaini, binti wa Mama Mdogo. Basi nikavaa kitenge, nikaketi, nikafungua kompyuta. Mimi nikaona nyuso zenu zote. Ninyi mkaona giza.

Wiki nzima nilipigana na lile giza. Nilizima nikawasha. Niliingia kwenye mipangilio kuona kama programu ya mazungumzo imepewa ruhusa ya kutumia kamera, ilikuwa nayo. Nilifunga programu nyingine zote, maana huenda kamera ilikuwa inatumikia mabwana wawili. Ile programu ndogo inayoiendesha kamera niliifuta, nikaiweka upya. Taa ndogo ya pembeni mwa kamera haikuwaka hata mara moja. Nikaanza kuwaandikia watengenezaji barua ya kurasa tatu, unanijua. Nilikuwa kwenye ukurasa wa tatu, naeleza jinsi wanavyowadharau wateja wao, nilipoona kwenye safu ya juu ya kibodi kitufe chenye picha ndogo ya kamera iliyopigwa mstari. Nikakibonyeza. Taa ikawaka, na uso wangu ukatokea, umekasirika.

Asubuhi ya kikao nilikuwa nimeisugua kompyuta kwa kitambaa, kitufe kwa kitufe, Mjomba asije akaniona mchafu. Kitambaa kile ndicho kilichoizima kamera. Kwa hiyo ulikosea, Kaka. Sikujificha. Nilitaka kuonekana kupita kiasi.

Tuje kwenye Jumapili iliyopita. Mlikuwa mnamngoja Mjomba, kompyuta umeiweka barazani. Niliona ukuta, kona ya shamba, na mgongo wa mlima kwa nyuma. Ghafla kila kitu kikawa cheupe.

"Fideli, kamera yako imekufa," nikasema. "Zima, uwashe."

"Haijafa."

"Angalia ruhusa. Halafu kuna kitufe safu ya juu, nitakuelekeza."

"Vero, kamera ni nzima."

"Basi futa hilo jicho lake. Naona weupe mtupu."

Hapo nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Mjomba alikuwa amefika.

"Anasema nini huyo?"

"Anasema kamera mbovu, Mjomba."

"Mwambie ni ukungu." Fimbo ikagonga tena. "Mtu aliyesahau ukungu, mpaka wa shamba ataukumbuka?"

"Mwacheni dada yangu," Tumaini akasema. "Huko aliko ukungu huuzwa dukani."

Mlicheka. Nami nilicheka, ila maneno ya Mjomba yaliniingia. Kwa ukungu ule ukaahirisha kikao mpaka Jumapili ijayo, mkaingia ndani kula, na kompyuta hukuizima.

Kilichofuata hukijui. Nilibaki. Huku jua lilikuwa linawaka dirishani, na kiangazi saa zetu ni zile zile, kwa hiyo adhuhuri yenu ilikuwa adhuhuri yangu. Weupe ule ulikuwa na mwendo, unakunjuka polepole, unapita. Baada ya muda sikujua tena uko upande gani wa kioo. Nilihisi nywele zimelowa. Nilisikia maji ya mfereji, na katika maji hayo nikaliona shamba zima bila kuliona: tuta lililomomonyoka mwaka tuliopanda njegere, jiwe tulilokuwa tunapangia kabichi, na mpeasi uliopinda ambao Baba alikataa kuukata. Mwambie Mjomba: mpaka wa chini ni mfereji, mpaka wa juu ni mpeasi. Aliuliza, nimemjibu.

Kisha nikasikia jembe linagongwa kwenye jiwe kudondosha udongo. Mara mbili, halafu moja. Nani mwingine hugonga hivyo? Nikalifuata kwa masikio mpaka ukungu ulipoanza kuinuka, na pale niliposikia jembe ndipo aliposimama Mama, kanga kichwani, anaitazama kompyuta.

"Vero, bado upo?"

"Nipo, Mama."

"Nilidhani umeondoka."

"Nilikuwa nasikia jembe lako."

Akatikisa kichwa, akarudi kulima na goti lake hilo.

Basi nijibu, Kaka. Mimi nilipomezwa na giza, mlisema sipo. Ninyi mlipomezwa na weupe, nilisema kamera ni mbovu, na hilo ni kosa langu, lakini sikusema mmeondoka. Nilikaa nikawangoja. Tumaini alime, avune, ale. Simnyimi hata jani. Mkataba wangu unaisha mwakani nami nitarudi. Ninachokataa ni kuhesabiwa na waliokwisha kwenda.

Msalimie wifi yangu, mkeo, na Mama Mdogo. Mpe Mama shikamoo yangu, umkande goti. Tumaini mwambie nimeulizia madukani. Ukungu bado haujaletwa.

Barua hii ichapishe Mlali, umsomee Mjomba yote, hata panapokuaibisha. Mjomba, shikamoo. Jumapili usiandike jina lolote kabla hujaketi mbele ya kompyuta ukaniuliza mwenyewe, uso kwa uso. Nawe Fideli, kompyuta iweke juu ya jiwe la kabichi, ielekee shambani. Ukungu ukishuka, msiingie ndani. Kaeni hapo nami mpaka uinuke.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Veronika