Kifuniko cha Bati

Machi 4

Binti yangu,

Hujambo? Mvuke wa pasi huko kwa dobi haujakuchosha? Mimi mzima, goti tu linanisumbua nikipanda ngazi kuandika mabango.

Jana nilisugua kile kifuniko cha bati ninachokorogea rangi. Chini ikatokea herufi ya kile Kijapani chako. Mkono ni wa mama yako, naujua. Hakuacha maandishi mengine, kwa hiyo nataka ichongwe kwenye jiwe la kaburi lake. Nimekunakilia hapa chini. Jirani anaapa kuwa ni "upendo", lakini huyo ni mtu wa kubahatisha. Niambie wewe. Fundi wa mawe ananisubiri.

Baba yako

Mei 10

Baba,

Shikamoo. Goti limepoa? Nisamehe kwa kimya changu.

Siijui. Tangu tumzike Mama sijagusa vitabu vya kanji, hizo herufi za Kijapani. Yeye ndiye aliyenisikiliza nikisoma huku akipika, na bila yeye sikuona nasoma kwa ajili ya nani. Barua yako imenifanya nivitoe chini ya kitanda. Nimesahau hata zile za mwanzo kabisa. Mkono unaanza vizuri, kisha unakwama katikati. Nimelia sana. Naanza upya, kila jioni nikitoka kazini. Hiyo ya Mama nimeipekua kwenye kamusi mpaka macho yanauma, haimo. Mwombe fundi asubiri.

Mwanao

Juni 2

Mwanangu,

Marahaba. Mimi na goti tunaendelea kuvumiliana. Wewe je, unakula vizuri?

Fundi amenuna, anasema jiwe linamzibia mlango. Nimemwambia alikalie.

Ukichoka, niandikie tu kwamba ni "upendo". Mimi sitajua, na mama yako hatakuja kukusuta. Lakini ningependa kujua alikuwa anasema nini.

Baba yako

Septemba 19

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, natumaini nawe hujambo.

Leo nimeipata. Niliacha barua yako mezani, nikazunguka kufunga dirisha, nikaiona kutoka upande wa pili na kuisoma papo hapo. Kifuniko ni cha duara, Baba. Uliinakili juu chini.

Nimekaa na kalamu muda mrefu nikitaka kukudanganya. Maana yake ni "chumvi". Kilikuwa cha kopo lake la chumvi pale jikoni. Sasa nakumbuka: aliniomba nimfundishe herufi ya kitu anachokishika kila siku, ili naye asome pamoja nami. Aliirudia mpaka ikamkaa.

Pole, Baba. Kama hutaki ichongwe, nitaelewa. Mimi vitabu sivirudishi chini ya kitanda.

Mwanao

Oktoba 8

Mwanangu,

Marahaba. Nafurahi kusikia habari ya vitabu. Usiviache tena.

Jiwe limesimama. Nilimkalia fundi kooni mpaka akamaliza, nikihakikisha juu ni juu. Jirani alipokuja nikamwambia ni chumvi. Akanitazama kama nimerukwa na akili, akaenda zake.

Ulikuwa unamwona mama yako mezani. Kila nilipotia tonge la kwanza mdomoni alikuwa ananiuliza, "Imekolea?" Nami nilikuwa naitikia kwa kichwa tu, nikiendelea kula, na yeye ananingoja niseme neno.

Watu walipoondoka kaburini nilibaki peke yangu. Nikamwambia, "Imekolea, mke wangu."

Baba yako